SEMINA ZA WAHANDISI ZISHUKE MLIMANI

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 katika bahari ya Kilwa. Miaka 30 baadaye, yaani 2004, ilianza kusafiri kwa bomba, kwanza chini ya bahari mpaka Somanga, kisha nchi kavu mpaka Ubungo, Dar es Salaam; safari ya kilomita 232 kwa jumla. Msomaji aijuaye Dar es Salaam atakumbuka ya kuwa Ubungo ipo miguuni pa kilima cha Chuo Kikuu. Basi mali ya pwani ya kusini imekwisha kufika kizingitini pa nyumba ya elimu. Swali letu leo ni hili: je, elimu nayo imepata kuishika njia hiyo hiyo ikarudi kusini?

Chuo hicho si mali ya wageni. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule, nacho leo ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Humo wahandisi wana desturi moja njema. Mtafiti husimama mbele ya wenzake, akaeleza alichopima, alivyokipima na alichokiona. Wenzake wakamhoji na kumwonyesha makosa yake kabla hayajawa makosa ya daraja au ya bwawa. Hiyo ndiyo semina. Hatuna ugomvi nayo hata kidogo. Taifa ambalo wahandisi wake hawahojiani litahojiwa na mito yake.

Walakini semina hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, hufanyika mbali na mahali penye taabu yenyewe. Ya pili, husemwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo kila aliyemo chumbani amezaliwa akisikia Kiswahili au amekikuta shuleni. Kwa ajili hiyo mwenye taabu haisikii habari yake, na mwenye elimu hasikii taabu hiyo kwa kinywa cha mwenyewe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tutazame Kiswere, kwenye ghuba yake kati ya Kilwa Masoko na Lindi. Zamani njia ya Kiswere ilikuwa bahari. Siku hizi maisha yake hutegemea barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, ijapokuwa barabara hiyo hupita bara, mbali na ufuo. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, watu wa kusini walidhani kifungo chao kimekwisha. Mwezi Mei 2024 zikaja mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, maji yakaikata barabara mahali kadhaa katika nchi ya Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo. Magari yakakwama kwa siku kadhaa, wagonjwa wakakaa njiani, samaki wakaoza, na bei ya unga ikawa si neno la kuuliza.

Barabara ilitengenezwa, nasi twawashukuru waliofanya kazi ile mchana na usiku. Lakini yatupasa kuuliza: maji yale yalipita wapi miaka iliyotangulia? Kalavati liliwekwa kwa kipimo cha mvua ya miaka ipi? Udongo mweusi, ambao huvimba unaponyeshewa na kupasuka unapokauka, una kina gani mahali pale? Maswali hayo ni ya mhandisi. Walakini nusu ya majibu yake imo vichwani mwa wazee wanaokumbuka kila mafuriko na mkondo ulioyabeba. Kumbukumbu hiyo haimo katika maktaba yoyote. Wazee wakiisha kuondoka, itaondoka nao.

Tuchukue mfano mwingine ulio mdogo, nao wamhusu kila fundi mwashi asomaye gazeti hili. Ukipita katika miji yetu ya pwani utaona nyumba ambayo haijafika miaka 20, na nguzo zake zimekwisha kupasuka, nondo zimechungulia nje zikiwa nyekundu kwa kutu. Watu husema saruji ilikuwa mbaya. Mara nyingi si saruji. Fundi alichota mchanga ufuoni, karibu na bure, akauchanganya bila kuuosha. Chumvi iliyomo katika mchanga ule huamsha kutu katika nondo. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hata ikalisukuma zege mpaka likapasuka na kumeguka. Dawa yake yajulikana katika shule zote za uhandisi: mchanga wa mto, au wa pwani uliooshwa vema kwa maji baridi, zege lililoshindiliwa barabara na kumwagiwa maji siku za kutosha, na nondo zifunikwe kwa zege nene la kuzuia hewa ya bahari.

Kisha tugeuze macho Kilwa Kisiwani. Kuta za Msikiti Mkuu, na zile za Husuni Kubwa iliyojengwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, pasipo nondo. Nyingine zimesimama zaidi ya miaka 600 mbele ya upepo ule ule wa chumvi. Hatusemi ya kuwa turudi kujenga kama Masultani. Twasema ya kwamba fundi wa pwani na mhandisi wa Mlimani, wakikaa mkeka mmoja, kila mmoja atamfunza mwenzake. Fundi atajua kwa nini nguzo yake ilipasuka, na mhandisi atajua kwa nini fundi alikwenda ufuoni: kwa sababu lori la mchanga wa mto lilikuwa ghali kupita uwezo wa mwenye nyumba. Mhandisi asiyeijua bei hiyo hajaumaliza utafiti wake.

Wako watakaosema ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Hilo si kweli. Fundi anayo nondo, zege, kokoto, timazi, pimamaji na msingi. Na tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotungwa na taasisi ya Chuo hicho hicho. Neno likikosekana, na litafutwe. Neno lisilotumika haliwezi kukua, kama mtoto asiyepewa chakula.

Wengine watasema fedha ya safari haipo. Hatubishi ya kwamba fedha ni haba. Lakini wanafunzi wa uhandisi hutawanyika nchini kwa mafunzo ya vitendo. Chuo kina ofisi yake ya ushirikiano na viwanda, BICO, tangu 1990. Na hufanya Wiki ya Utafiti na Ubunifu. Magurudumu yapo. Linalotakiwa ni kuyaelekeza kusini.

Basi sisi twashauri mambo manne. Kwanza, kila mtafiti ambaye kazi yake yahusu kijiji au mji fulani, akiisha kusema mbele ya wenzake, aende akaseme mara ya pili mahali pale pale, kwa Kiswahili. Pili, muhtasari wa ukurasa mmoja ubandikwe katika ofisi ya kijiji, ili asiyehudhuria asome. Tatu, maswali ya mafundi, wavuvi na wakulima yaandikwe, yapelekwe Mlimani, na mwanafunzi atafutaye jambo la kuchunguza aanzie hapo. Nne, wenyeji waulizwe siku. Anayeita mkutano siku za bamvua, wakati kina mama wamo majini katika mashamba ya mwani, ataviona viti vitupu na kudhani ya kuwa watu hawapendi elimu.

Nasi wanachama na wafanyakazi tusijitoe katika lawama. Neno semina limeharibika midomoni mwetu. Likitajwa, wengi wetu huuliza kwanza posho ni kiasi gani, na baadaye, wakikumbuka, huuliza habari yenyewe. Mtaalamu akishuka Kiswere kueleza kwa nini barabara ilikatika, naye akakuta watu wamekuja kutia sahihi na kunyosha mikono, atarudi Mlimani na hatakuja tena. Na kosa halitakuwa lake. Tuje na maswali. Kuuliza si ujinga, na kumhoji msomi kwa adabu si utovu wa heshima, bali ndiyo semina yenyewe.

Mwalimu Nyerere alipata kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mfano huo haujazeeka. Chakula kimekwisha kutolewa, na gesi ikaongezwa juu yake. Masika nyingine zitakuja, na maji hayatangoja tafsiri. Wahandisi wetu na washuke, nasi tuwatandikie mkeka.