Mshahara si Mali ya Kuporwa

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hatuna ugomvi nao. Aliyekopa akala hana budi kurudisha. Lakini wahenga hawakusema kwamba mdai atie mkono mwenyewe mfukoni mwa mdaiwa, wala kwamba tajiri awe mlalamikaji, shahidi na hakimu katika shauri lake mwenyewe. Hayo ndiyo yanayotendeka leo katika sehemu nyingi za kazi, na ndiyo tunayoyapinga.

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda. Ghala limekutwa na upungufu. Badala ya kutafuta nani aliyepoteza, tajiri anaigawa hasara kwa wafanyakazi wote wa zamu, na mwisho wa mwezi kila mmoja anakuta ujira wake umemegwa. Hapana barua, hapana hesabu, hapana aliyesikilizwa. Anayethubutu kuuliza huonyeshwa mlango. Ndugu wafanyakazi, huo ni unyang'anyi uliovaa tai.

Sheria haikulala. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kilipiga marufuku mwajiri kukata ujira isipokuwa kwa idhini ya sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi. Ama mfanyakazi mwenyewe awe amekubali deni kwa maandishi. Likiwa deni la hasara, masharti yanazidi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mlinzi anayelipwa shilingi 240,000 hawezi kukatwa hasara ya kupita shilingi 60,000. Anayekiuka hayo anatenda kosa la jinai.

Kupe wa pili ni mkopeshaji wa mkopo wa "kausha damu", anayeshika kadi ya benki ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia asubuhi, yeye hutangulia kuuchota. Mwenye jasho hufika jioni kukomba masalia. Huyu hana hukumu wala amri ya mahakama. Ana kadi tu, na hofu ya mnyonge.

Watauliza: je, mdai naye hana haki? Anayo, na mlango wa mahakama uko wazi kwake. Haki yake haimpi ruhusa ya kuwanyima watoto wa mwenzake uji. Mfanyakazi asiyebakiwa na nauli hafiki kazini, na asiyefika kazini hatalipa deni la mtu yeyote.

Hata makato halali yanaweza kuhojiwa. Wanufaika wa mikopo ya elimu ya juu hukatwa kwa mujibu wa sheria, lakini walilalamikia kwa miaka tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Mwaka 2021, katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Wangalinyamaza, wangaliendelea kukatwa.

Basi mfanyakazi afanye nini? Kwanza, adai hati ya mshahara na asome kila mstari. Pili, aulize kwa barua: mmenikata kwa idhini gani, na hesabu yake iko wapi? Nakala aitunze. Tatu, asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Nne, makato yakitokana na amri ya mahakama, asigombane na mhasibu. Aende mahakama iliyotoa amri hiyo akaeleze hali yake. Tano, tajiri akikaidi, apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 60 hazijapita tangu ulipozuka. Wengi wamepoteza haki yao kwa kungoja huruma.

Vyama vya wafanyakazi navyo vijitazame. Ada ya mwanachama hukatwa kila mwezi bila kukosa. Je, utetezi wake nao haukosi? Na maofisa wa kazi wasingoje kuitwa: waingie maghalani na madukani, wafungue madaftari ya mishahara.

Deni lilipwe, tena lilipwe lote. Lakini lilipwe kwa hesabu na kwa sheria. Anayekata jasho la mwenzake gizani ajue kuwa naye ni mdaiwa, na deni lake halina budi kudaiwa.