Minara ya Pwani na Mshahara wa Mwalimu



Vijana wa Mbeya na Iringa warudipo kutoka Dar es Salaam hutuonyesha katika simu zao picha za majumba marefu yaliyosimama mbele ya bandari, kisha hutuuliza: je, haya siyo yale majengo aliyoyataja Mtume (s.a.w.) kuwa ni katika dalili za Kiyama? Wazee nao huongeza la kwao, kwamba fedha hizo zingalitosha kujenga zahanati nyingi huku kwetu. Kabla ya kuwajibu hao na hawa, yafaa tujue majumba yenyewe ni nini, na khasa ni ya nani.

Tuchukue mfano mmoja. Katika Barabara ya Sokoine, mkabala wa bandari, penye mabenki na ofisi, imesimama minara miwili ya ghorofa 35, yenye urefu wa mita 147 hivi. Ilimalizika katikati ya miaka ya 2010. Zamani msafiri aliyeingia kwa meli aliupokea kwa macho mnara wa Kanisa la Azania Front, waliloujenga Wajerumani. Leo mnara ule umekuwa kama mtoto aliyesimama miguuni pa watu wazima. Majumba ya namna hii huchanganya maduka, ofisi na nyumba za kuishi mahali pamoja, wala hayakufanywa hivyo kwa urembo. Ofisi zikikosa wapangaji, huenda maduka yakaendelea kulipa. Maduka yakilegea, aliyepanga nyumba ya kulala bado atatakiwa kodi ya mwezi. Ardhi ya pale ni ghali, kwa hiyo mtu hujenga kwenda juu. Na kwa kuwa udongo wa pwani ni mchanga na maji hayako mbali, nguzo za msingi hushindiliwa chini sana kabla ya ghorofa ya kwanza kuonekana. Gharama nyingi huzikwa ardhini asikoiona mpita njia.

Sasa swali la vijana. Ni kweli kwamba katika Hadithi mashuhuri ya Jibrili, Mtume (s.a.w.) alitaja wachungaji mafukara watakaoshindana kwa urefu wa majengo. Lakini dalili si hukumu. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alilieleza jambo hili waziwazi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim: si kila kilichotajwa kuwa ni dalili ya Kiyama kimekuwa haramu kwa kutajwa huko, na majengo marefu ni katika mifano aliyoitoa mwenyewe. Lililokatazwa ni kujifakharisha, na dhuluma, na uzembe unaoua watu. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado likijengwa katikati ya Dar es Salaam, kando ya msikiti, lilianguka na kuua watu 36. Basi kijana atakaye kuogopa, na aogope mchanganyo wa saruji uliopunjwa kuliko idadi ya ghorofa.

Swali la wazee ni zito zaidi, kwa sababu linahusu fedha, na fedha zenyewe zimetoka kwao.

Minara ile ya Sokoine ilijengwa na Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, uliojulikana kwa herufi PSPF. Mwalimu wa Tukuyu, muuguzi wa Kilolo, karani wa Mafinga, kila mmoja alikatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri akatia asilimia 15. Fedha hizo haziwekwi sandukuni zikangoja miaka thelathini, maana zingepungua thamani hata mstaafu asipate cha kumfaa. Hutiwa katika hati za Serikali, katika hisa, na katika majumba, ili zizae. Kwa hakika, mwalimu wa chaki aliyefundisha Rungwe na ambaye pengine hajapanda lifti hata mara moja, ana tofali lake katika ghorofa zile. Mzee asemaye kwamba fedha zile zingalijenga zahanati anasahau kwamba hazikuwa za zahanati. Zilikuwa za mwalimu, na aliyezishika alizishika kwa amana. (Habari ya hati zenye riba ni mlango mwingine, nao wataka makala yake peke yake. Hapa twasema tu kwamba kodi ya pango ni ijara, na ijara ni katika mambo yaliyohalalishwa.)

Ikiwa ni amana, basi jumba halipimwi kwa mita. Hupimwa kwa kodi inayokusanywa, na kwa siku ambayo kodi hiyo inamfikia mwenyewe akiwa mzee. Hapa ndipo penye mashaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma, wizara zikafungasha, na wenye majumba ya ofisi Dar es Salaam wakaondokewa na mpangaji mkubwa. Mpangaji huhama na jumba halihami. Lau mfuko ungalikuwa umeweka mayai yake yote katika ofisi za wizara, msiba ungalikuwa mkubwa zaidi.

Lakini tusililaumu jengo kwa kosa lisilo lake. Ugonjwa mkubwa wa PSPF ulikuwa deni. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia pensheni. Mfuko ulipoanzishwa ulitwishwa kuwalipa hata kwa miaka ile ya nyuma, kwa ahadi kwamba Serikali italeta fedha zake. Fedha zilichelewa miaka mingi, na wastaafu wengi wakangoja mafao yao mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2018 PSPF iliunganishwa na mifuko ya PPF, LAPF na GEPF ukapatikana mfuko mmoja wa PSSSF, ndio unaomiliki minara ile hivi leo. Na Desemba 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu za zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo la kale. Mtu aliyestaafu akiwa na miaka 60 na kungoja, hawezi kula urefu wa jengo.

Tunawaomba basi walio makazini, waume kwa wake, watazame taarifa za michango yao wakiwa bado wana nguvu: majina yameandikwa sawasawa? Miezi yote imo? Tarehe ya kuajiriwa ni ile ile iliyo katika barua? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mke naye ajue namba ya mumewe ya uanachama, na watoto wajue karatasi zimewekwa wapi, kwani mauti hayatoi taarifa.

Na asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya pwani tu. Makka, mbele ya Msikiti Mtukufu, upo mnara wa saa wenye mita 601, na majumba yake ya hoteli, maduka na makazi yamejengwa kwa jina la wakfu, ili pato lake liihudumie Misikiti Mitukufu miwili. Wapo Waislamu walioulaumu, kwa kuwa ngome ya kale ya Ajyad ilibomolewa mwaka 2002 kupisha ujenzi huo, nasi hatuwaoni wamekosa kusikitika. Lakini njia ya wakfu wenyewe ni ile ile ya misikiti yetu ya Mbeya na Iringa inayojenga fremu za maduka upande wa barabarani na kuzipangisha. Fremu nne zaweza kumlipa mwalimu wa madrasa na umeme wa msikiti. Ni nani anayepokea kodi ya fremu hizo mtaani kwako, naye huiandika katika daftari gani, na daftari hilo lilisomwa mbele ya jamaa mara ya mwisho lini?