Triga za flashi: tununue familia moja, si kila mtu na yake

Wiki hizi mbili kikundi chetu cha picha kina mjadala mmoja tu, na umekuwa moto kuliko mpira: tununue triga gani? Tumeweka akiba, shilingi 5,000 kila mwezi kwa kila mtu, na sasa pesa imefika mahali pa kununua kitu. Wengine wanasema tugawane, kila mtu achukue fungu lake anunue anachotaka. Sisi wengi tunasema hapana. Tunaandika hapa sababu zetu, juu kuna wenzetu wa mbali wanatuuliza swali hilohilo.

Kwa ambaye bado hajakutana nayo: triga ni kale kadude kanakaa juu ya kamera, pale pa flashi, kanatuma mawimbi ya redio kwa flashi iliyo mbali. Ukibonyeza picha, flashi inawaka saa ileile, hata ikiwa imewekwa pembeni kwenye stendi, au nyuma ya mlango. Hakuna waya.

Mtu atasema, kwani shida iko wapi, si flashi ikae juu ya kamera iwake? Inawaka, ndiyo. Lakini tazameni picha za harusi zetu za usiku. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, uso unang'aa jasho kama umepakwa mafuta ya mawese, pua inakosa kivuli, sura inakuwa bapa kama sahani. Nyuma yote giza, utadhani bibi harusi aliolewa ndani ya shimo. Halafu tunasikia watu wetu wenyewe wanasema, "Sisi weusi picha hazitupendi." Huo ni uongo, na unatuuma. Ngozi nyeusi inataka mwanga wa upande, mwanga mpana, unaopita kwenye mwavuli mweupe au unaogonga ukuta kwanza. Hata shitingi nyeupe ya UNHCR ikitandazwa vizuri inafanya hiyo kazi. Wageni wanaokuja kupiga picha za ripoti wanakuja na taa na msaidizi wa kuzishika, na mama zetu walewale wanatoka wazuri mpaka unashangaa. Si kamera inayoleta hiyo tofauti. Ni mahali mwanga unapotoka.

Na huku picha si mapambo tu. Mtoto akipata safari ya Canada, mama anabaki na picha ya ukutani. Picha ya dot, picha ya kumaliza shule, picha ya mzee kabla hajaondoka duniani. Watu wanatoa pesa yao kidogo wapate kitu cha kubaki nacho. Tukiwapa sahani inayong'aa, tumewaibia.

Sasa, njia zipo zaidi ya moja. Ya kwanza ni waya kutoka kamera hadi flashi. Bei yake ni ndogo, lakini katika ukumbi wenye watoto arobaini wanaocheza, tuache hiyo. Ya pili ni mwanga kuamsha mwanga. Flashi nyingi zina jicho mbele, ukiiweka kwenye S1 inawaka ikiona flashi nyingine imewaka. Kama flashi ya juu ya kamera inatoa kale kamwanga ka kupima kwanza, unaweka S2 ili ile ya pembeni isidanganyike na kuwaka mapema. Njia hii ni bure na ndani ya chumba ukiwa peke yako inatosha kabisa. Tunaifundisha kwa wanaoanza. Lakini nje kwenye jua jicho halioni vizuri, na kwenye harusi akitokea mjomba na kamera yake, kila akipiga yeye flashi yako inamwitikia. Betri zinaisha kwa picha za mjomba.

Kwa hiyo tunabaki na redio. Hapa ndipo watu wanapotea, juu kila kampuni ina lugha yake. Triga ya Godox na flashi ya Yongnuo zinaweza kuwa zote kwenye gigahezi 2.4 na bado hazisikilizani, kama watu wawili wako kwenye simu na kila mmoja anaongea kabila lake. Hata ndani ya kampuni moja: Yongnuo RF-602 na RF-603 hazielewani. Na wale mnaongoja ndugu wa Marekani awatumie PocketWizard, mjue zinazouzwa Marekani zinatumia megahezi 344 na zinazouzwa Ulaya 433. Shangazi wa Ubelgiji akituma moja na kaka wa Texas akituma nyingine, mtakuwa na vitu viwili vya bei kali visivyosalimiana. Semeni nao mapema.

Ndiyo sababu ya neno letu la familia moja. Fikiria kila mtu amenunua yake: huyu RF-603, yule Godox, mwingine ile isiyo na jina ya mtaa wa Kampala. Kila mmoja ana flashi moja inayomsikia yeye peke yake. Ikija kazi kubwa, kwaya ya watu hamsini, tunahitaji flashi tatu ziwake pamoja. Haziwaki. Na maisha ya kambi mnayajua: leo mtu yuko, kesho jina lake limetoka ubaoni, anaondoka na begi lake na triga ndani. Flashi aliyoiacha inakuwa bubu.

Tunachopendekeza ni flashi zenye sikio la redio ndani yake. Kwa Yongnuo kuna YN560 III na IV. Kwa Godox kuna TT600. Sababu ya kwanza ni betri. Triga za aina ya RF-603 zinafanya kazi vizuri, kila moja inaweza kutuma au kupokea, lakini kila moja inakula betri mbili ndogo za AAA. Ukiwa na flashi tatu unahitaji nne, ndizo betri nane ndogo, juu ya zile kubwa nne za kila flashi. Betri za dukani za bei ya chini zinakufa kabla keki haijakatwa, na za kuchaji tunalipia kwa mwenye sola. Kila betri inayoondoka kwenye hesabu ni pesa. Flashi yenye sikio ndani haihitaji hicho kidude cha pili, na huko kwenye stendi hakuna kitu cha kulegea na kuanguka.

Sababu ya pili ni miguu. Ukiwa na triga inayotawala nguvu ya flashi, kama YN560-TX kwa upande mmoja au X2T kwa upande wa pili, unapunguza na kuongeza mwanga hapohapo ulipo. Bila hiyo, kila mara unapita mbele ya mchungaji kwenda kugusa flashi, kisha unarudi. Tumewahi kuona mpiga picha anakemewa kwenye kipaza sauti kwa hilo.

Kati ya hizo mbili, kura yetu ni TT600, na sababu si ubora wa mwanga, hapo hatuoni tofauti ya kupigania. Ni kwamba ikiwa mbali na kamera, haijali kamera ni ya nani. Triga ndiyo inayobadilika: yenye herufi C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Katika kikundi chetu dada wawili wana Nikon na wengine tuna Canon, na hatutaki uamuzi unaowaacha dada nje ya mlango. Kila mwenye kamera awe na triga yake ya herufi yake, flashi ziwe za kikundi. Akiondoka, aende na kamera na triga kwa amani. Flashi zinabaki na zinaendelea kusikia wengine.

Wale wa upande wa pili wana hoja moja ya kweli, tusiidharau: mtu mwenye flashi yake anaweza kwenda kazini bila kuomba ruhusa. Sawa. Kwa hilo tuweke daftari, tuandike nani amechukua, saa ngapi, na amerudisha na betri zilizochajiwa. Daftari linachosha, lakini flashi tatu zilizofungiwa kwenye masanduku ya watu watatu zinachosha zaidi.

Kuhusu zile triga ghali zinazopima mwanga zenyewe, tunaona kwa kazi zetu hazina haraka. Watu wetu wanasimama mahali pamoja. Unapima mara moja kwa mkono, basi. Cha kushika ni kwamba flashi ikienda mbali mara mbili, mwanga unaofika ni robo, si nusu. Ukiisogeza, rekebisha. Na ukipita spidi ya kamera yako, kwa nyingi za kwetu ni 1/200, unapata ukanda mweusi kwenye picha. Kuna namna ya kuvuka hapo, TT600 inaweza ikiwa mbali na kamera na triga inayokubali, lakini inakula nguvu sana. Ni ya jua la saa sita mchana, si ya kila siku.

Jambo lingine, na hili tunawaomba mlisome mara mbili. Canon ilianza kuuza kamera za bei ya chini ambazo pale juu, panapokaa flashi, hazina kile kichuma cha katikati. Ni 4000D, 250D, na 2000D ambayo kwingine inaitwa 1500D. Triga ya kawaida inategemea kichuma hicho. Ukiipachika hapo haitawaka hata ukiiombea. Hizo zinahitaji triga iliyotengenezwa kwa Canon, na hata hiyo ijaribiwe juu ya kamera yenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni. Muuzaji wa kamera za mitumba hatakuambia.

Pia kabla ya kusema triga imekufa, angalieni chaneli na namba ya ID, zote lazima zifanane pande zote mbili. Kama ni Godox na flashi iko karibu sana na wewe inakataa, ingieni kwenye menyu mtafute umbali, muweke 0–30 badala ya 1–100. Watu wanarudisha triga nzima dukani kwa kosa hilo. Na karibu na pale pa Wi-Fi ikianza kuruka picha, badilisheni chaneli, juu wote mnatumia mawimbi ya namna moja.

Flashi ya zamani ya kupewa, kama Vivitar 283 za mwanzo, msiipachike moja kwa moja kwenye kamera ya dijitali. Baadhi zinatoa volti zaidi ya 200 pale chini. Flashi inapona, kamera ndiyo inalipa.

Kikao ni Jumapili baada ya ibada, palepale tunapokutana. Mwenye kamera aje nayo, tuangalie kichuma cha katikati kipo au hakipo, tuandike herufi ya kila mtu, ndipo tuhesabu pesa: flashi mbili sasa au tatu tukingoja mwezi mmoja. Sisi tunaona mbili sasa. Msimu wa harusi hautungoji.