Shefu wa klasi awe msichana pia



Mwanzo wa trimestre ijayo tutachagua komite mpya ya wanafunzi. Kila mmoja anajua sasa hivi namna mambo yatakavyokwenda. Shefu atakuwa kijana, naibu wake kijana. Msichana atapewa kazi ya sekretere, juu anaandika vizuri, ao kazi ya kuangalia usafi. Hakuna mtu aliyeandika sheria hiyo, lakini tunaifuata kuliko zile zilizobandikwa ukutani. Mimi ninaona inafaa tuiache, na nitasema kwa nini.

Inchi yetu haikosi sheria nzuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, inaagiza kwamba wanawake na wanaume wawe sawa kwa hesabu katika kazi za uongozi wa inchi na wa majimbo. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikakaza jambo hilo. Lakini tuangalie matunda. Sheria ya uchaguzi ya mwaka ule ule wa 2006 ilisema kwamba listi isiyo na wanawake wa kutosha haitakataliwa. Basi, katika viti 500 vya Bunge, wanawake hawakufika hata kumi kwa mia. Mwaka wa 2022 sheria ikaongeza kitu: listi yenye nusu ya wanawake hailipi tena dhamana. Mlango umefunguliwa, hata franka zimesamehewa.

Pamoja na hayo, siku ya kuandika listi tunasikia: "Tunatafuta banamuke, hatubaone." Kwa wengine ni kisingizio tu. Lakini tusijidanganye, kuna na kipande cha ukweli ndani yake. Kiongozi hapatikani kwa siku moja kama vile muhogo sokoni Kadutu. Anatengenezwa pole pole, na anaanza kutengenezwa katika miaka hii yetu.

Mumfikiri Sophie Kanza. Mwaka wa 1960, wakati wa uchaguzi wa Uhuru, wanaume peke yao ndio walipiga kura. Miaka sita tu nyuma yake, mwaka wa 1966, Sophie Kanza akawa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya Kongo. Ilikuwa bahati? Hapana. Mwaka wa 1964 alikuwa amemaliza Lovanium, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza masomo ya universite. Nafasi ilipokuja ilimkuta tayari.

Tuangalie na jirani zetu wa Tanzania. Samia Suluhu Hassan alianza kazi kama karani mwaka wa 1977. Mwaka wa 2000 aliingia katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, mwaka wa 2015 akawa makamu wa rais, na tarehe 19 Machi 2021 akaapa kuwa Rais. Kati ya meza ya karani na kiti cha rais kuna miaka 44. Na kwetu, Judith Suminwa Tuluka, aliyetajwa waziri mkuu tarehe 1 Aprili 2024, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo, alikuwa amesoma uchumi, amefanya kazi ya benki, na alikuwa waziri wa Plan mbele ya kupanda.

Biblia yetu inafundisha vile vile. Debora hakuitwa siku ya vita tu. Kabla ya vita, watu walikuwa wanapanda kwake chini ya mtende, kati ya Rama na Betheli, awakatie maneno yao. Ndiyo sababu Baraka alikataa kwenda vitani bila yeye. Bukavu tunajua vita: iliingia mjini mwaka wa 1996, ikaingia 2004, ikaingia tena 2025. Siku ya shida si siku ya kuanza kumfundisha mtu kuamua.

Wengine watasema: "Desturi yetu haikubali." Desturi gani? Katika Bushi, mwami akifa na kuacha mrithi mdogo, mwamikazi, mama ya mtoto, anashika utawala mpaka yule akomae. Wazee hawakuona haya juu ya jambo hilo. Wengine watamchekelea msichana: "Eh, yaya, unataka kuwa mwanaume?" Kwa masikitiko, mara nyingi maneno hayo yanatoka katika vinywa vya wasichana wenyewe. Dada zangu, tukichekana sisi kwa sisi, nani atatupigia kura?

Basi, ninaleta mashauri matatu mbele ya komite na mbele ya bwana prefe.

La kwanza: katika kila klasi, shefu na naibu wawe msichana mmoja na kijana mmoja, na wabadilishane kila trimestre. Vijana nao washike kalamu ya sekretere na ufagio. Mwenye kuandika maneno ya wengine kila siku hajifunzi kusema yake.

La pili: mikutano ya komite ifanyike wakati wa rekreasio, si kisha masomo. Munajua vizuri juu ya nini. Saa hiyo msichana anangojewa nyumbani na bidoni ya maji, na moto wa kupika. Hata wakubwa wa siasa, wakikutana usiku, wanawafungia wamama mlango bila kutamka neno. Tusiige mfano huo.

La tatu: kila mwezi tuwe na mabishano mbele ya shule yote. Msichana aongoze mkutano, agawe saa, anyamazishe wenye makelele. Na tuhesabu franka za klasi mbele ya wote, kama wamama wanavyohesabu likelemba. Mwenye kuzoea kutoa hesabu ya franka kidogo hataogopa hesabu ya komini.

Siombi kura za huruma. Msichana akifanya vibaya, mumuondoe kama vile munavyomuondoa kijana. Na akishindwa uchaguzi, arudi mwaka ujao. Kushindwa bila kununa ni sehemu ya masomo ya uongozi. Ninaomba tu ajaribiwe, kama wengine wote walivyojaribiwa.

Asiyekubaliana na mimi aandike. Buletini yetu ina karatasi ya kutosha kwa majibu yake.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano