Skana Kwanza, Laptopu Baadaye

Kwenye mazungumzo ya chama chetu, habari za mitihani zikishakwisha, huzuka swali moja lisiloisha. Kijana mwenye gari kuukuu, au ambaye gari la mama yake limewasha taa ya injini, anunue skana ya mkononi, au anunue kebo na programu ya kuweka kwenye laptopu? (Walimu wetu watasema kipakatalishi au kompyuta mpakato, nami siwapingi. Lakini gereji hakuna anayelitumia neno hilo, na makala hii ni ya gereji.)

Wenzetu wa uhandisi wana jibu tayari: laptopu. Skana, wanasema, ni chombo cha mtu asiyetaka kujifunza. Mimi naona kinyume chake. Kwa wengi wetu tunaokaa Mawaleh na mitaa ya jirani, skana ndiyo ya kununua kwanza, na laptopu ni ya mwenye sababu maalumu.

Tuanze na soketi yenyewe. Chini ya usukani wa karibu kila gari la miaka hii kuna soketi ya pini 16. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote yanayouzwa kule kuanzia modeli za mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na viwanda vikaona tabu kutengeneza gari moja kwa namna mbili. Pamoja na soketi ilikuja lugha moja ya makosa ya injini: herufi P, kisha tarakimu nne. Kodi za pamoja, zile zinazoanza na P0, zina maana ile ile kwenye Toyota na kwenye Ford, na chombo chochote kinazisoma. Kwa hiyo taa ya injini ikiwaka, skana ya bei ndogo na laptopu ya bei kubwa vitakupa kodi ile ile.

Tofauti inaanzia ndani zaidi: giaboksi, breki za ABS, mifuko ya hewa, funguo, na kuandika upya programu za gari. Huko kila kiwanda kina lugha yake. Toyota wana Techstream, wenye Volkswagen na Audi wanaitegemea VCDS ya Ross-Tech, na wa Ford wana FORScan. Skana kubwa za Launch na Autel nazo zinafika huko, ila bei yake si ya mwanafunzi. Mwenye Volkswagen moja anayeipenda kama mtoto wake, namwambia wazi: nunua VCDS, usipoteze fedha kwingine.

Lakini nani kati yetu ana gari moja? Ingia ua wa nyumba moja ya huku kwetu uhesabu. Toyota ya baba, Nissan ya mama, Kia ya dada, na Dodge ambayo kaka ameiagiza Marekani ikiwa imegongwa kidogo, kwa bei aliyoona ni ya bure. Programu ya kiwanda kimoja itahudumia gari moja, na hayo matatu utayaangalia kwa macho. Skana itasoma injini zote nne, hata kama haifiki chini sana.

Halafu kuna joto. Mwezi wa Juni hapa hupita nyuzi 40, na Apple wenyewe wanaandika kwamba laptopu zao zitumike kati ya nyuzi 10 na 35. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hali ni mbaya zaidi, na kioo cha laptopu huoni kitu. Skana ndogo inachukua umeme wake kwenye pini ya 16 ya soketi, haina betri ya kuvimba.

Linalonikera zaidi ni jingine. Programu za viwanda ni za kulipia, nyingi kwa mwaka au kwa siku. Zile zinazouzwa kwa riali chache pamoja na kebo, au zikiwa tayari ndani ya laptopu iliyotumika, aghalabu ni za wizi. Utaambiwa uzime kinga ya virusi kwanza ndipo ziwake, na laptopu unayoizimia kinga ndiyo hiyo hiyo yenye tasnifu yako. Tena laptopu haisomi tu, inaandika. Katikati ya kuandika programu mpya kwenye kompyuta ya gari, betri ya gari ikishuka au Windows ikiamua kujizima na kujiwasha, kompyuta hiyo inaweza kufa palepale. Gereji zinazojua kazi huunganisha chaja maalumu ya kushikilia umeme kabla ya kugusa chochote. Skana ndogo inasoma na kufuta kodi, basi. Ujinga wake ndio usalama wake.

Sasa, skana gani? Si ile inayotoa kodi tu. Nunua inayoonesha vipimo vya injini wakati inaunguruma, na hapa ndipo hoja ya wahandisi kwamba skana haifundishi inapoanguka.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alipeleka gari gereji moja akarudi na hesabu ya sensa mbili za oksijeni. "Mwanangu, kompyuta imesema sensa," akaniambia. Tulipoweka skana ilikuja P0171. "Kompyuta haikusema sensa, Bi Mkubwa," nikamwambia. "Imesema hewa ni nyingi kuliko petroli." Sensa ndiyo iliyoleta habari, na gereji ikataka kumbadilisha mleta habari.

Kodi hiyo ina sababu nyingi: mpira wa hewa uliopasuka, kipima hewa kilichojaa vumbi, pampu ya petroli iliyochoka. Skana yenye vipimo inakuonesha kompyuta ya gari inaongeza petroli kwa asilimia ngapi ili kufidia. Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma taratibu, sisi tuliona asilimia 22. Tulipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 6. Hapo jibu karibu limeshatoka: hewa inaingia mahali pasipo pake, maana tundu dogo linaleta madhara makubwa injini ikivuta hewa kidogo, na madhara hayo yanapungua ikivuta nyingi. Ingekuwa pampu imechoka, tungeona hali inazidi injini ikipewa kazi. Mpira uliopasuka ulikuwa nyuma ya injini, umekauka kwa joto. Laptopu haikuhitajika hata kidogo.

Na kuna jambo la lugha, ambalo chama kama chetu hakiwezi kulipita. Mama yule anasema Kiswahili na Kiarabu. Mafundi wengi wa gereji za Al Maabilah wametoka India, Pakistan na Bangladesh. Laptopu ya gereji hukaa imemgeukia fundi, na mwenye gari anapewa hukumu kwa maneno. Skana inapita mkono kwa mkono. P0171 ni P0171 kwa Kimalayalam na kwa Kiurdu, na mama mwenye karatasi iliyoandikwa kodi hiyo anaulizwa maswali tofauti kabisa na mama anayesema "taa inawaka".

Wanaokwenda Zanzibar likizo na kutaka kumpelekea mjomba zawadi, tahadhari. Magari mengi kule ni ya mtumba kutoka Japani, na ya zamani kati ya hayo yana soketi ile ile ya pini 16 lakini ndani hayasemi lugha ile, kwa kuwa sheria ya Marekani haikuyahusu magari ya soko la ndani la Japani. Skana ya bei ndogo itakaa kimya, na mjomba atasema umemletea kichezeo. Uliza mwaka wa gari kwanza. Kwa gari la namna hiyo nakubali, laptopu yenye programu ya Toyota inaweza kuwa ndiyo njia.

Kile kidude cha ELM327 kinachounganishwa na simu nakihesabu kuwa skana. Vingi vinavyouzwa ni nakala za kifaa cha Elm Electronics wa Kanada. Nyingine nzuri, nyingine hovyo. Kijaribu kwenye gari kabla ya kulipa.

Pendekezo langu kwa kamati: chama kinunue skana moja yenye vipimo, iazimwe kama vitabu vinavyoazimwa, na pembeni yake liwekwe daftari la kodi kwa Kiswahili. Walimu watusaidie maneno. Injini inayokosa moto kwenye silinda, mafundi wa Dar husema gari "linamisi". Kataliti wengine huiita masega. Yakusanywe, yajadiliwe, yaandikwe. Ukurasa wa kwanza uwe wa P0171, na mpira uliopasuka ninao bado, naweza kuuleta uonekane.