Kabla Hujanunua Koili, Dai Kuona Cheche

Leo tuiweke korosho pembeni kidogo, tuzungumzie pikipiki. Najua mimi ni bwana shamba, si fundi. Ila tangu Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022, nimejifunza kwamba chombo kikizima njiani, na ushauri wa kilimo unaishia hapo hapo.

Juzi nilimkuta kijana wa bodaboda amekwama kati ya Msimbati na Madimba. Abiria wake alikuwa mama mwenye ndoo mbili za samaki wa kupeleka Mtwara mjini. Pikipiki inatembea vizuri kwa muda, halafu inamisi, halafu inazima. Ikipumzika kidogo inawaka. Kijana akaniambia ameshabadilisha koili mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mama yeye alisema neno moja tu: "Bwana shamba, barafu imeshayeyuka."

Tulifungua kifuniko cha tangi, tukakifunga, akapiga kiki. Ikawaka. Kitundu cha hewa cha kifuniko kilikuwa kimeziba kwa mchanga na uchafu, kwa hiyo mafuta yalikuwa hayashuki. Koili mbili zimenunuliwa kwa ajili ya kitundu kinachozibuliwa kwa sindano.

Hilo ndilo linaloniudhi. Huku kwetu koili inabadilishwa kwa kukisia. Pikipiki ikizima njiani, jibu ni "koili hiyo", mteja analipa, na aliyekisia hapotezi kitu akikosea. Maoni yangu ni kwamba fundi asipokee hela ya koili kabla hajakuonyesha cheche, na wewe usione haya kuidai. Mimi mwenyewe nilishanunua koili nisiyoihitaji. Tatizo lilikuwa kofia ya plagi.

Koili inachukua umeme mdogo na kuukuza hadi maelfu ya volti ili uruke kwenye ncha ya plagi. Ndani yake kuna nyaya nyembamba za shaba, zimefungwa kabisa ndani ya plastiki ngumu. Waya ukikatika ndani, koili haitengenezeki. Ni kweli koili mbovu mara nyingi hugoma ikishika moto na kurudi ikipoa, lakini hata CDI na koili ya kwenye sumaku hufanya hivyo, na hata kifuniko cha tangi, kama tulivyoona.

Kwa hiyo pikipiki ikizima, pima hapo hapo ingali ya moto. Ikishapoa kila kitu kitaonekana kizima. Ukishaona si kifuniko cha tangi, fungua plagi (shika kwa kitambaa, inaunguza), irudishe kwenye kofia yake, kisha laza chuma chake juu ya injini, mbali na tundu ilikotoka, maana mvuke wa petroli unashika moto. Piga kiki. Ukiona cheche ya bluu inayolia, koili yako haina kosa. Ikiwa hafifu au haipo, jaribu kwanza plagi nyingine. Na usipige kiki plagi ikining'inia bila kugusa chuma: umeme ukikosa pa kutokea unaweza kuua koili iliyokuwa nzima.

Hata hapo bado usinunue. Kofia ya plagi imesokotwa kwenye waya kama skrubu. Ifungue. Kwa hewa yetu ya chumvi, shaba ya ndani mara nyingi utaikuta imegeuka kijani. Kata sentimita moja ya waya, sokota kofia tena, pima cheche. Kisha angalia chini ya tangi, pale koili inapofungwa kwenye chesesi: kwangua kutu na kaza bolti. Mnaobeba salfa msimu wa kupuliza mikorosho mkague zaidi, kwa sababu vumbi la salfa likikutana na unyevu linakula shaba.

Ikibaki haina cheche, sasa tafuta mita ya kupimia omu. Koili nzima husoma omu chache sana upande mdogo, na maelfu ya omu upande wa waya wa plagi. Mita isiposoma kitu kabisa upande mmojawapo, waya umekatika, nunua. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, kwa sababu koili ya pikipiki ya CDI na ile ya mfumo wa betri haziingiliani hata kama umbo linafanana. Ile ya kuzungushia koili iliyopasuka kipande cha tyubu itakufikisha nyumbani tu. Mvua ikinyesha utasukuma.

Mita ya bei ndogo inatosha kijiji kizima, na vikundi vya bodaboda vinaweza kuchangia moja kabla msimu wa korosho haujaanza Oktoba. Mimi natembea na yangu kwenye begi. Nikipita kijijini kwenu, leteni zile koili mlizoambiwa zimekufa, tuzipime.