Mbwa Asiye na Mwenyewe

Msomaji, wako wasemao kuwa mbwa asiye na mwenyewe huleta kichaa, basi apigwe mawe. Nakanusha. Hakujileta sokoni Kithyoko. Alitupwa na mtu aliyependa utoto wake akachoka na ukubwa wake. Kichaa hakizuiwi kwa jiwe bali kwa sindano: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Huko Nairobi chama cha KSPCA, kilichoanzishwa mwaka 1910, hupokea mbwa waliotupwa, huwachanja, kisha huwapa watu walio tayari kuwalea. Basi ukitaka mlinzi wa nyumba, kwa nini ununue mgeni na kumdharau yatima? Kumlea si sadaka. Ni kulipa deni la binadamu mwenzako.